Kidole Gumba cha Sista Taratibu

Kwenye wodi ya moyo walimpa dada yangu jina la Sista Taratibu, na hawakumpa kwa heshima. Walimpa kwa kuchoka kumsubiri. Wenzake wakichoma sindano ya mshipani husukuma dawa na kuondoka. Yeye huvuta kigoda, hukaa ubavuni mwa mgonjwa, humshika kifundo cha mkono kwa vidole vya kushoto, kisha kwa kidole gumba cha kulia huisukuma dawa kidogo kidogo huku akimtazama mtu kifuani. Muuguzi mwenzake mmoja, mama mnene mwenye kicheko cha kuvunja mbavu, husema ukitaka kujua saa ya chakula cha mchana imekaribia, angalia kama Taratibu amemaliza sindano za asubuhi.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na taratibu zangu ni haba. Nikikasirika hukata uzi kwa meno. Habari ninazosimulia ni za dada, lakini usitegemee nizisimulie kwa upole, maana ndani yake yumo mtu ninayemchukia mpaka leo, na sina mpango wa kuacha.

Dada ndiye kifungua mimba. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na kitinda mimba wetu wa kiume ambaye mtaa mzima ulimwita Chuma. Mama alituacha Chuma akiwa bado anatambaa, na baba alikuwa mtu wa safari, akija nyumbani kama mgeni na kuondoka kama mgeni. Kwa hiyo Dada alimbeba Chuma mgongoni huku anasoma. Alimbeba mpaka akaingia chuo cha uuguzi, na hapo nikampokea mimi, mzigo mzito lakini wenye kucheka.

Hospitali ilimwingia Dada mpaka kwenye mifupa. Akirudi nyumbani viatu hubaki nje ya mlango. Hunawa mpaka kwenye viwiko kabla hajasalimu mtu, hivyo salamu zake huja na harufu ya sabuni. Hawezi kumpita mtu aliyelala bila kusimama kuhakikisha kifua kinapanda na kushuka. Hata paka wetu akizidisha usingizi, utamkuta Dada ameinama anamhesabu pumzi. Tulikuwa tukimcheka sana kwa hilo.

Chuma alikua akawa mbeba mizigo kwenye ghala la saruji. Alibeba mifuko miwili kwa mpigo huku anapiga mluzi, na jina alilipata huko. Siku moja mgongo ukamgoma. Alirudi nyumbani ameegemea ukuta wa kila nyumba aliyoipita, na badala ya kumsubiri Dada amalize zamu, akaenda duka la dawa la pale kona.

Mwenye duka tulimwita Daktari wa Kona. Hakuwa daktari wala jirani wa daktari. Alikuwa na koti jeupe na kalamu tatu mfukoni, ambazo nasikia hakuna hata moja iliyokuwa inaandika. Nyuma ya sabuni na dawa za mafua aliweka vidonge vikali vya maumivu, vile ambavyo haviuzwi bila cheti cha daktari. Chuma hakuwa na cheti, na hakuulizwa. Alipewa vya kuanzia, akapona siku ile ile, akarudi kupiga mluzi. Kisha akarudi kuchukua vingine.

Dada alipogundua, hakupiga kelele. Alikuja kwenye meza yangu ya kazi akamwaga kopo langu la vifungo, akachukua kipande cha gauni nililokuwa nalishona. "Sikilizeni nyote wawili," akasema. "Mwilini kuna matundu kama haya ya vifungo. Yanaitwa vipokezi. Yapo kwenye ubongo, yapo kwenye moyo, yapo kwenye kuta za mishipa ya damu. Mwili hushona vifungo vyake wenyewe vya kuyajaza. Ukiumia, vinafunga, maumivu yanapungua, moyo unatulia, mishipa inalegea. Hata moyo wenyewe unatengeneza vyake, ukibanwa na damu kidogo unajikinga navyo. Mofini, ile dawa kali ya maumivu ya hospitali, ni kifungo cha kiwandani kinachoingia kwenye tundu lile lile. Na hivi vyako, Chuma, ni ukoo mmoja na mofini."

"Kwa hiyo navaa nguo ya kiwandani," Chuma akasema, akacheka.

"Ukiyajaza matundu kila siku kwa vifungo vya dukani, mwili unazembea kushona vyake. Siku ukikosa vya dukani, utakuwa uchi."

Alijaribu kuacha. Sitasahau. Alilala sakafuni kwenye chumba cha nyuma ya duka langu, jasho linamtoka kama bomba limepasuka, fulana inaruka kifuani kwa mapigo ya moyo. Dada alimfunga kipimo cha presha, akatazama, akafunga tena kana kwamba kipimo kimemdanganya. Moyo ulikuwa unakimbia na mishipa imejikaza, kwa sababu kile kilichokuwa kinaituliza kimeondolewa ghafla. Dada alimwambia twende hospitali, tukafanye jambo hili taratibu, kwa kupunguza kidogo kidogo. Chuma akakubali kwenda kesho yake. Kabla ya kesho yake akapitia kona.

Alikufa chumba kile kile. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia nashona sare za shule, redio imewashwa. Dada aliingia kutoka kazini, akavua viatu, akanawa, akapitisha kichwa kumtazama kifua kama kawaida yake, na mimi nikamsikia akimwita Chuma kwa jina letu la utotoni, lile ambalo mtaa haulijui. Pumzi ilikuwa imepungua mpaka ikaacha, presha ikaanguka, moyo ukapiga polepole, halafu ukachoka kusubiri. Dada alinieleza hivyo baadaye kwa sauti ya wodini. Mimi nilikuwa nasikia neno moja tu: kona.

Baada ya mazishi tulikwenda wote wawili. Dada aliweka pakiti tupu ya vidonge juu ya kaunta. Daktari wa Kona aliitazama, akamtazama Dada, akarekebisha kola ya koti lake.

"Sista," akasema, "mimi nauza dawa. Simfungui mtu mdomo."

Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yetu akamuuliza anataka sabuni ya rangi gani. Damu ilinichemka. Nilishika mizani iliyokuwa juu ya kaunta, na ningeipitisha kwenye vioo vyote vya duka lile kama Dada asingenishika mkono na kunitoa nje. Tulipofika nyumbani akavua viatu mlangoni, akasema, "Niachie mimi."

Nilidhani ana mpango. Tulipeleka malalamiko, wakaguzi wakaja, wakakuta rafu safi, wakanywa soda, wakaenda zao. Baada ya hapo Dada alirudi kwenye kigoda chake na sindano zake za kobe, na mimi nikabaki na kinyongo changu. Kisasi nilichokipata mimi kilikuwa cha kitoto. Mke wa yule mtu, mwanamke mpole asiyejua lolote, aliniletea koti jeupe nibadilishe vifungo. Nilivishona vyote kwa uzi mmoja mwembamba, bila fundo. Nasikia vilidondoka kimoja baada ya kingine mbele ya wateja. Nilicheka wiki nzima, nikalia mwishoni mwa wiki.

Sasa sikia.

Ilikuwa mwaka wa tatu tangu tumzike Chuma. Dada alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akavua viatu, akanawa, na alipomaliza kunawa akanawa tena. Nilikuwa jikoni natia majani ya chai. Akakaa, akaweka mikono mezani kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Leo nimempokea Daktari wa Kona," akasema.

Kijiko kilinidondoka. "Amekufa?"

"Kaa kwanza."

"Dada, amekufa?"

"Kaa, nikueleze kwa mpangilio."

Nikakaa. Huyu ni mtu ambaye hata moto ukiwaka atakueleza ulipoanzia.

Alikuwa ameletwa kwa gari la jirani, mkewe amemshika kichwa. Maumivu ya kifua yalimkamata nyuma ya kaunta. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba. Dada alimtambua kabla hajamtazama uso: koti jeupe lilikuwa limebanwa kwa pini pale palipotakiwa kuwa na kifungo. Yeye hakumtambua Dada. Mtu mwenye maumivu yale haoni nesi, anaona barakoa na mikono.

Daktari wa zamu, binti mwerevu mwenye haraka zake, alimuuliza kila linalopaswa kuulizwa. "Umemeza dawa yoyote leo, mzee?"

Akamtazama mkewe, akasema, "Hapana."

Na hapo ndipo alipojichimbia kaburi. Maumivu yalipomwanza alikuwa ameingiza mkono kwenye rafu yake ya nyuma, akameza vidonge alivyowauzia watu miaka yote, na vilipochelewa kufanya kazi akameza vingine. Asingeweza kulisema hilo mbele ya mkewe na daktari, kwa sababu ingebidi aseme vilitoka wapi. Duka lake lilimziba mdomo. Kwa hiyo daktari akaagiza anachoagiza kwa kila mgonjwa wa namna ile: aspirini, dawa za kuzibua mshipa, na mofini kidogo ya kutuliza maumivu na kuupunguzia moyo mzigo.

Dada akavuta kigoda. Akaanza kusukuma mofini kwa mwendo wake ule ule. Kabla hajafika nusu ya bomba la sindano, aliona yule mtu anajikuna pua kwa mgongo wa kiganja, polepole, macho yamefumba nusu.

"Chuma alikuwa anajikuna vile," akaniambia. "Akishameza. Vile vile, kwa mgongo wa mkono."

Akaacha kusukuma. Akamfunua kope. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama tundu la sindano. Pumzi zilikuwa zinakuja kwa kusuasua, presha inateremka, mapigo yanapungua. Mofini kidogo namna ile haifanyi hivyo peke yake. Matundu yalikuwa yamekwishajazwa kabla hajaja. Angekuwa nesi mwenye haraka, bomba zima lingekuwa limeisha, na mtu pamoja nalo.

"Huo ndio uliokuwa wakati wa kuharakisha!" nikasema.

Dada akaendelea na mpangilio wake. Alimwita daktari, akamwambia, "Huyu amemeza vya nyumbani." Daktari akaangalia mboni, akaelewa mara moja. "Naloksoni. Kidogo kidogo, sista, mshipa wake bado haujafunguka vizuri." Akamwekea oksijeni, na papo hapo kengele ya kitanda cha mbali ikalia, mgonjwa mwingine amezimia, daktari na yule mama mnene wakakimbilia huko. Pazia likabaki limefungwa. Ndani yake walibaki wawili: Daktari wa Kona na dada yangu, na bomba la naloksoni mkononi mwa dada yangu.

Ilibidi anieleze naloksoni, na alinieleza kwa vifungo vile vile. Ni kifungo bandia. Kinaingia kwenye tundu, kinakitoa kile cha mofini, lakini chenyewe hakifungi kitu. Ukikitia kidogo kidogo, pumzi inarudi na maumivu yanabaki yamelala. Wodini wana kanuni yao: amsha pumzi, usiamshe mtu. Lakini ukisukuma bomba zima kwa mara moja, vifungo vyote vinang'oka pamoja. Maumivu yanarudi kwa kishindo, moyo unakurupuka, mishipa inajikaza, presha inaruka. Kijana mwenye moyo mzima hutapika na kutukana, akapona. Mtu ambaye mshipa wake wa moyo umeziba asubuhi ile ile anaweza asifike mchana.

"Yaani yale yale," nikasema. "Yale ya Chuma pale sakafuni. Jasho, na fulana inaruka."

"Yale yale."

"Na nani angejua?"

"Hakuna. Watu husukuma bomba zima kila siku, mgonjwa akiacha kupumua. Wangesema nilishtuka."

Nilikitazama kile kidole gumba chake mezani. Sitasema uongo: nilitaka aniambie kimesukuma. Miaka yote ile nilikuwa nimemwekea yule mtu vifo vya kila aina, na hapa palikuwa na kimoja safi, kimekunjwa na kupigwa pasi, kimewekwa mkononi mwa dada yangu.

"Nilimpa kidogo," akasema Dada. "Pumzi ikarudi. Kanuni inasema niishie hapo, nimwache alale. Sikuishia hapo. Nikaongeza tone, na jingine, mpaka akafumbua macho. Nilitaka aamke. Hilo ni kosa langu na nimelifanya kwa makusudi."

Aliamka na kuguna, maumivu yameanza kumrudia upande mmoja. Dada akateremsha barakoa yake mpaka kidevuni.

"Unanijua?"

"Nesi," akasema.

"Unamjua Chuma?"

Yule mtu akamtazama. Midomo ilikuwa imekauka, akailamba. "Nani?"

"Chuma. Mbeba saruji. Alikuwa anakuja dukani kwako anapiga mluzi. Ulimuuzia vidonge mpaka akafa."

Na hapa Dada alizungusha kikombe chake. Nilifikiri anatafuta maneno. Kumbe anajizuia.

"Unajua alisemaje? Hakukataa. Afadhali angekataa. Alisema, 'Wapo wengi, sista. Siwezi kuwakumbuka wote.'"

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. Chuma wetu! Aliyebebwa mgongoni mwa mtoto mwenzake! Aliyenifanya nikose usingizi kwa miaka, na kunifanya nishone vifungo bila fundo kama mwendawazimu! Yule mtu hakuwa amemkumbuka hata kwa dakika. Sisi tulikuwa tunamchukia kila siku, na yeye hakujua kwamba anachukiwa.

"Ukafanya nini?"

"Nikaweka kidole."

Aliniinulia kile kidole gumba. Alisema aliweka kidole juu ya bomba, dawa iliyobaki ni nyingi, na kidole kikaanza kwenda. Aliona kisukumio cha bomba kinasogea. Nje ya pazia mke wa yule mtu aliuliza, "Sista, anaendeleaje?" na Dada akamjibu, "Anaendelea vizuri, mama," kwa sauti ile ile anayowajibu wote, na kidole bado kiko pale.

"Nini kilikuzuia? Mungu? Kazi? Huyo mke?"

"Hakuna hata kimoja," akasema. "Usinifanye malaika. Niliwaza, nikimmaliza sasa hivi, amekufa hamjui Chuma. Atakuwa amemuua na hatamjua kamwe. Nikaona hiyo ni nafuu kubwa mno kumpa mtu kama yule."

Nikakiinua kiti, nikakaa.

Alitoa kidole. Kilichofuata kilichukua asubuhi yote, kwa sababu naloksoni ni kifungo kisichodumu. Kinachomoka mapema, na vile vidonge alivyomeza bado vinasubiri mlangoni. Mtu anaamka, anapumua, kisha anazama tena, na lazima awepo wa kumkalia. Dada akamwomba daktari amwachie yeye kitanda kile, na daktari akashukuru, maana nani mwingine wodini ana subira hiyo? Akakaa kwenye kigoda chake. Yule mtu akizama, Dada anampa tone, pumzi inarudi, macho yanafumbuka. Na kila yakifumbuka, Dada alikuwa amemkalia pale usoni, na alimweleza jambo moja.

Alimweleza kwamba Chuma alijifunza kutembea kwa kushika upindo wa sketi ya shule. Akazama, akaamka. Alimweleza kwamba Chuma hakuweza kupiga mluzi mpaka alipong'oka meno ya utotoni, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Akazama, akaamka. Alimweleza habari za mgongo, za fulana iliyokuwa inaruka, za jinsi alivyokubali kwenda hospitali kesho yake. Yule mtu alikuwa amefungwa nyaya kifuani, dripu mkononi, barakoa ya oksijeni usoni, hana pa kukimbilia. Mara moja alijaribu kugeuzia uso ukutani. Dada akainuka, akahamisha kigoda upande wa ukuta, akakaa.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Mwishoni alilia. Nikampangusa macho, maana machozi yakiingia kwenye barakoa yanasumbua."

"Ulimwonea huruma?"

"Hata kidogo," akasema dada yangu, Sista Taratibu, na nikajua hatanii.

Mkewe alipoingia kumwona, alimshika Dada mikono yote miwili akambariki kwa kukaa na mumewe muda wote ule bila kuondoka. Alisema hajawahi kuona nesi mwenye moyo kama huo. Dada akamwambia asante, mama. Habari za vidonge hakumwambia, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Alimwambia daktari peke yake, zikaandikwa panapoandikwa.

Tangu siku ile Dada hashiki bomba la naloksoni bila kumwita yule mama mnene aje asimame karibu. Mama mnene alimuuliza mbona, na yeye ndiye anayewafundisha wengine. Dada akamwonyesha kidole gumba. "Simwogopi mgonjwa," akasema. "Nakiogopa hiki."

Yule mtu alipona. Moyo wake ulibaki na kovu, na mwenye kovu la moyo hapa kwetu ana kliniki moja tu ya kwenda kila mwezi, ya wodi ile ile, na anayepima presha kwenye kliniki hiyo unamjua. Mwezi wa kwanza alikuja na mkewe, akakaa kwenye kiti, akanyoosha mkono. Dada akamfunga kipimo lakini hakukijaza upepo.

"Jina?" akauliza.

Akataja jina lake.

"Si lako."

Mkewe akacheka, akidhani nesi anatania. Yule mtu hakucheka. Alitazama sakafu, akasema, "Chuma."

Ndipo Dada akajaza kipimo, na presha ilikuwa juu. Moyo ule, ambao ulikuwa haumkumbuki mtu, ulikuwa unakimbia. Dada akamwambia apumzike kidogo, mgongo uegemee, miguu isipishane. Akasubiri kwa subira yake yote. Akapima tena, ikawa imeshuka, akaandika iliyoshuka, kwa sababu hiyo ndiyo ya kweli na dawa zake zinategemea hiyo. Akamwambia, "Tuonane mwezi ujao."

Imekuwa hivyo mpaka leo. Watu wananiambia siku hizi pale dukani anadai cheti cha daktari, na wasio na cheti anawafukuza. Mimi sina habari na wema wake. Juzi nilimpelekea Dada miwani aliyoisahau nyumbani, nikamkuta yule mtu kwenye benchi la kliniki anasubiri zamu yake. Amekonda. Amevaa shati la kawaida. Aliponiona alisimama, na watu husema mimi na Chuma tuna uso mmoja. Mkono wake ukaenda kifuani.

"Alikuwa anapiga mluzi akibeba saruji," akaniambia, kabla sijamuuliza kitu. "Mifuko miwili."

"Kaa," nikamwambia. "Utapandisha presha."

Akakaa. Nilisimama mlangoni nikamtazama akiitwa, akinyoosha mkono, midomo ikitaja lile jina. Nilikuwa nimemwombea kifo kwa miaka mitatu. Sasa namwombea umri mrefu, na naomba kwa dhati kuliko mkewe: meno yamng'oke, mvi zimjae, aje kwa mkongojo, na kila mwezi afungwe mkono na amtaje ndugu yangu.